Pasi ya Marjan

Timu ya Springi ilikuwa timu nzuri kama unapenda kutazama mpira unaotembea bila kufika popote. Mimi nilikuwa nauza chai na mandazi pembeni ya uwanja, kwa hiyo niliitazama nikitaka nisitake. Ilikuwa timu ya mafundi wa Kisenyi, hapa Kampala, wale wanaokunja springi za malori na kuchomelea mabodi, na mume wangu Zubairi alikuwa kiungo wao, jezi namba nane. Beki anampa Zubairi, Zubairi anamrudishia beki, beki anampa kipa, kipa anautazama mpira kama mgeni aliyekuja bila taarifa, kisha anampa beki tena. Jumapili moja nilimwona mwamuzi akipiga miayo filimbi ikiwa mdomoni.

Kocha alikuwa Opio, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kila baada ya mechi aliwakalisha kwenye majani na kuwauliza swali lile lile.

"Hapa iko kiungo mingi. Huyu najua mpira, huyu najua mpira, wote najua mpira. Lakini nani iko napiga mbele? Nani? Mpira nakwenda nyuma kama nasahau kitu nyumbani!"

Bisimwa, mshambuliaji wao, muuza vitenge kutoka Zaire, ndiye aliyeumia zaidi. "Miye niko nasimama kule mbele sawa mutu balisahabu," alisema, na wenzake wakacheka, na Jumapili iliyofuata wakamsahau tena.

Opio alidhani ni uvivu, au ujuzi mdogo. Wengine walisema ni uwanja, una mashimo. Mimi nilijua ni nini, maana nilikuwa nalala nacho kitanda kimoja. Ulikuwa uoga. Mwaka ule wa themanini na tisa vita vya mjini vilikuwa vimekwisha, watu wanajenga, soko la Owino limejaa nguo za mitumba mpaka njiani, lakini katika timu ile karibu kila mtu alikuwa na sababu yake ya kutotaka kuonekana. Mmoja hakuwa na kibali cha kukaa nchini. Mwingine alikuwa askari wa serikali iliyoanguka na sasa anaitwa fundi wa betri. Hata Opio mwenyewe, pamoja na kelele zake, ukimwuliza kwao wapi alianza kutafuta filimbi yake mifukoni. Na anayepiga pasi ya mbele ndiye anayetazamwa. Ikizaa bao, mashabiki wanavamia uwanja, wanakubeba mabegani, wanakuzungusha mtaani wakiimba jina lako na la baba yako. Ndiyo desturi yetu Kisenyi. Kwa mtu mwingine ni sherehe. Kwa mume wangu ilikuwa kifo.

Zubairi ni Mnubi, na mimi pia. Baba yake, Marjan, alikuwa sajini enzi za serikali ile ambayo watu hawapendi kuitaja, ile iliyojaza Wanubi jeshini. Alikuwa dereva wa kambi, na Jumamosi alikuwa mchezaji wa mpira. Serikali ilipoanguka, mwaka wa sabini na tisa, familia ilikimbilia stendi kutafuta gari la kwenda Arua. Pale stendi mtu mmoja alinyoosha kidole akasema, "Huyo ni mtoto wa Marjan." Alikuwa anamwonyesha Rajab, kaka yake Zubairi. Sitaandika walichomfanyia Rajab. Zubairi alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, ameshika kapu, na mama yake alimziba mdomo kwa kiganja mpaka meno yakamkata midomo. Wakafika Yei, Sudan, wakaishi ukimbizini, Marjan akafa huko kwa homa. Waliporudi Kampala baada ya vita, Zubairi alikuwa mwanamume mwenye ndevu, na alikuwa amejifunza kuwa Muganda.

Alifanya vizuri. Jina la Zubairi hata Waganda Waislamu wanalo. Luganda anakiongea kama aliyezaliwa Butambala, na ndivyo tulivyowaambia majirani, sisi ni watu wa Butambala. Mimi niliacha nguo za kwetu kwa shangazi yangu Bombo nikavaa gomesi, gauni la Kiganda, kama wenzangu. Tatizo lilikuwa mama mkwe wangu, Mama Safinah. Luganda chake kilikuwa kibovu, kinasikika Kinubi kutoka mbali. Basi tukawaambia majirani kwamba ni kiziwi. Mama wa watu, asiyekosa neno juu ya lolote, akakaa mlangoni akitikisa kichwa kila anaposalimiwa, halafu jioni mlango ukifungwa anatumwagia maneno yote ya mchana kwa mkupuo. Nilikuwa nacheka, lakini kicheko kilikuwa kinakaa juu juu tu.

Sasa nieleze hiyo pasi, maana ndiyo iliyotutoa roho. Marjan alikuwa na pasi yake. Aliipiga kwa nje ya mguu wa kushoto, bila kutazama, mwili umeelekea huku na mpira unakwenda kule, ukipinda nyuma ya mabeki na kumsubiri winga wa kulia. Watu walikuwa wanakuja uwanjani kuiona hiyo tu. Alimfundisha Zubairi tangu akiwa mdogo pale kambini, na huko Yei Zubairi aliipiga mpaka Wasudani wakamwita kwa jina la baba yake. Kwa hiyo Opio alipouliza nani anaweza kupiga mbele, jibu lilikuwa limekaa palepale miguuni pake, linafunga kamba za viatu.

"Nikiipiga," Zubairi aliniambia, "ni kama nimeandika jina la mzee mgongoni."

"Basi piga nyingine ya mbele, ya kawaida."

"Mguu haujui nyingine."

Nilimwambia aache mpira. Alinitazama kama nimemwambia aache kupumua. Wiki nzima anakunja vyuma kwenye moto, amejifanya mtu mwingine, anacheka vichekesho vya watu wanaowatukana Wanubi. Jumapili ndipo alipokuwa na raha, hata kama raha yenyewe ni kurudisha mpira nyuma.

Kisha akaja yule mzee.

Alikuwa Muganda mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na koti juu yake. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka karibu na mstari, upande wa kushoto, akakaa. Hakushangilia timu yoyote. Mpira ukienda goli la kulia, macho yake yeye yako kushoto. Nilidhani amelala, nikampelekea chai. Hakuwa amelala. Alikuwa anamtazama Zubairi miguuni.

Jumapili iliyofuata akaja tena, na ile nyingine, na nyingine. Siku moja aliponirudishia kikombe akaniuliza kwa Luganda, taratibu, "Nyabo, yule namba nane ni mtoto wa nani?"

"Wa Butambala, ssebo."

"Butambala ni kubwa. Wa nani?"

Nikataja jina la kwanza lililonijia. Akalirudia, kama mtu anayeonja mchuzi, akatikisa kichwa kidogo, akasema chai ni nzuri. Nilibeba birika nikaondoka kabla hajaongeza swali. Kisha nikamwuliza muuza karanga yule mzee ni nani. Akasema anaitwa Mzee Fabiano, wa Lubaga, na kwamba zamani watu wa serikali ile walimchukua mwanawe wa pekee, hakurudi.

Nilimwambia Zubairi usiku huohuo. Alienda kukagua komeo la mlango, akarudi, akaenda tena. Mama Safinah alikuwa amekaa kitandani mwake nyuma ya pazia, anasuka kile kikapu cha rangi, cha Kinubi, anachokificha mchana, na niliona vidole vyake vimesimama.

Baada ya hapo Zubairi alicheza vibaya mpaka aibu. Zamani alikuwa anarudisha nyuma kwa ustadi, sasa alikuwa anarudisha kama mpira una moto. Beki wake alipokea pasi hata pale ambapo hakuitaka. Opio alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuja mpaka gereji siku ya kazi, akamsimamia Zubairi juu ya springi aliyokuwa anaikunja.

"Mimi naona wewe mazoezi, peke yako, watu nakwenda nyumbani. Naona ile mguu ya kushoto. Wewe najua piga mbele kuliko wote hapa. Kwa nini naficha?"

"Sifichi, kocha."

"Naficha. Jumapili kama hapana pasi mbele, wewe nakaa benchi, na mimi natafuta mutu hapana oga."

Nilikuwepo, nimeleta chai. Nilitaka kumwagia ile chai. Hapana oga! Mtu mwenyewe ukimtaja kwao anakimbilia filimbi. Lakini nilipomtazama Opio usoni nikaona hakusema kwa dharau. Alikuwa anaomba.

Jumapili ile watu walikuwa wengi, maana tulicheza na mafundi wa Katwe, na Katwe na Kisenyi hawapendani katika jambo lolote. Mzee Fabiano alikuwa mahali pake. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeweka nguo chache kwenye fuko chini ya meza ya mandazi, na nauli ya kwenda Bombo nimeifunga kwenye leso, na Zubairi hakujua.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kama kawaida, nyuma, pembeni, nyuma. Katwe wakafunga bao. Watu wa Kisenyi wakaanza kutukana, na Opio akaacha kupiga kelele, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Cha pili kilipokuwa kinaelekea mwisho, mpira ulimfikia Zubairi karibu na mstari wa kushoto. Wachezaji wa Katwe wakamjia kutoka mbele. Njia ya kurudisha ilikuwa wazi, alichokuwa anahitaji ni kugeuka tu. Akaanza kugeuka. Na pale alipogeukia, hatua moja nje ya mstari, Mzee Fabiano alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake. Amesimama wima, mkono umenyooka, kidole mbele.

Nilimwona Zubairi akikiona kile kidole. Uso wake uligeuka ukawa wa mtoto. Wanaosema siku ile alipata ujasiri hawakuwa wamesimama niliposimama mimi. Alikuwa anamkimbia mzee. Hakuweza kumalizia kugeuka, basi mwili ukabaki umeelekea kwa mzee na mguu wa kushoto ukafanya wenyewe. Nje ya mguu. Mpira ukaondoka, ukapinda, ukapita nyuma ya mabeki wote wa Katwe, ukatua upande wa kulia kwenye nafasi tupu kana kwamba kuna mtu aliyeahidiwa. Bisimwa alichelewa kuamini. Kisha akakimbia na kufunga.

Uwanja ulilipuka. Mashabiki walivamia, mwamuzi alipiga filimbi bila kusikika, Bisimwa amevua jezi analia Kizaire chake. Walimtafuta Zubairi wambebe. Lakini mzee alikuwa amefika kwanza. Alikuwa amemshika mkono, juu ya kiwiko, na watu wakiona kanzu na mvi wakapunguza mwendo. Nilisukuma watu kwa viwiko mpaka nikafika. Leso yenye nauli ilikuwa mkononi mwangu.

Mzee Fabiano hakuongea Luganda. Aliongea Kiswahili, kile kibovu ambacho watu wa Lubaga walijifunza vizuizini, mbele ya bunduki.

"Wewe iko mutoto ya Marjan."

Zubairi alijaribu kuuvuta mkono wake.

"Hapana danganya. Siku mingi mimi naona ire mguu ya Marjan. Ire pasi mimi najua. Ire pasi irikuwa ya mutoto yangu. Lawrensi, namba saba. Marjan anapiga, Lawrensi anakimbia. Kira Jumamosi." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Gari irikuja, ikachukua yeye. Marjan arikuwa rafiki yake. Marjan anajua wapi. Baba yako iko wapi? Mimi nataka kuuriza wapi tu. Wapi nazika yeye."

"Alikufa, mzee," Zubairi akasema kwa kunong'ona. "Yei. Mimi nilikuwa mtoto, sijui lolote. Naapa."

"Mama yako?"

Nilijua atakachosema kabla hajasema, na sikumzuia. "Naye alikufa."

Mzee alimwachia mkono. Alisimama akitazama upande wa kulia wa uwanja, kule mpira ulikotua. "Basi hapana mutu ya kuuriza," akasema. Akatuambia anakaa Lubaga, chini ya kanisa, mlango wa bluu, kama tutakumbuka lolote. Akachukua kigoda chake akaondoka polepole katikati ya watu wanaoruka. Mashabiki wakamwinua Zubairi mabegani, na nilimwona akipita juu ya vichwa vyao, macho makavu, kama mtu anayebebwa kwenda kuzikwa. Waliimba jina lake tu. La baba hakuna aliyelijua, isipokuwa mmoja.

Nyumbani Mama Safinah alikuwa amekwisha kusikia kelele za mtaa. Zubairi alimweleza yote, amepiga magoti sakafuni, hata lile la mwisho.

"Umemwambia nimekufa."

"Mama, niliogopa."

"Najua." Aliweka kikapu chini. "Hata mimi naogopa. Nikimjibu hilo moja, atauliza la pili."

"Unajua alipo kijana wake?"

Mama Safinah aliinuka. Alijifunga mtandio, akavaa viatu, akafungua mlango. Jua lilikuwa bado halijazama. Jirani yetu, mama wa watu, alikuwa anaosha vyombo, akampungia mkono kama unavyompungia kiziwi, na Mama Safinah akamwitikia kwa sauti nzima, "Salama, binti yangu, habari za kazi?" Sufuria ikamtoka jirani mkononi. Nilitaka ardhi inimeze. Zubairi alinitazama, nami nikamtazama, tukamfuata. Tungefanya nini?

Njia yote hadi Lubaga nilihesabu watu waliotugeukia, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Kila kijana aliyekaa kwenye ngazi ya duka nilimwona ana jiwe. Zubairi alikuwa anatembea nyuma yetu, ameinamisha mabega. Mama Safinah alitembea mbele akiuliza njia kwa Luganda chake kile kile kibovu, kwa kila mtu, bila haya.

Mlango wa bluu ulifunguliwa na Mzee Fabiano mwenyewe. Alimtazama Zubairi, kisha mimi, kisha yule mwanamke.

"Mimi bibi ya Marjan," mama mkwe wangu akasema. "Mutoto alikudanganya. Aliogopa. Kijana yako iko njia ya Ggaba, kabla ya ziwa, penye tanuru za matofali. Nyuma ya tanuru ya mwisho, upande wa maji. Walimfunika na blanketi. Iko peke yake, hapana na wengine."

Mzee alishika mwimo wa mlango. Kisha akauliza la pili.

"Gari. Nani ariendesha?"

Mama Safinah hakuinamisha kichwa. "Marjan," akasema. "Waliambia yeye endesha, akaendesha. Blanketi ilikuwa yetu."

Nilisikia Zubairi akitoa sauti nyuma yangu, sauti ndogo. Hakuwa amejua. Miaka yote ile alikuwa anaogopa mambo ambayo baba yake huenda aliyafanya, na sasa alikuwa na moja mkononi lenye jina na namba ya jezi. Alisogea mbele akasimama kati ya mama yake na mzee, akasubiri. Nami nikasubiri. Ndani ya nyumba kulikuwa na panga limeegemea ukuta, kama lilivyo katika kila nyumba ya Muganda, na sikuweza kuondoa macho pale.

Mzee Fabiano alimtazama Zubairi usoni, akashuka mpaka miguuni, akatulia pale.

"Mimi hapana samehe Marjan," akasema. "Usiombe. Leo hapana, kesho hapana."

"Ndiyo, mzee."

"Jumapiri iko mechi?"

"Iko."

"Piga tena ire pasi. Mimi nakuja kukaa. Nataka ona Lawrensi anakimbia."